Sura ya Tano: Mabawa Juu ya Mikoko

Mwishoni mwa Oktoba 1914 Waingereza walikwisha kujua Königsberg ilipo, na bado hawakuwa na la kufanya. Manowari hiyo ya Kijerumani, chini ya Kapteni Max Looff, ilikuwa imeivamia Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba na kuizamisha HMS Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Kisha ikatoweka. Tarehe 30 Oktoba walinzi wa HMS Chatham waliona milingoti yake ikichomoza juu ya mikoko ya delta ya Rufiji, ndani sana, mahali ambapo meli za Waingereza zisingepita bila kukwama kwenye matope.

Mto Rufiji unaingia baharini kwa midomo mingi, na kati ya mdomo na mdomo kuna vijito na visiwa vya mikoko ambavyo hata mwenyeji huvipita kwa kusubiri bamvua. Wajerumani walichimba mahandaki kwenye kingo, wakaweka bunduki na mizinga midogo, wakafunika milingoti ya meli kwa matawi. Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba njia mojawapo. Njia nyingine zilibaki wazi. Manowari kadhaa za Kiingereza, zilizohitajika mno kwingineko duniani, zikawa zinashinda na kukesha nje ya delta kulinda meli moja. Ndipo mtu akauliza: je, tukienda kwa juu?

Swali hilo lilikuwa geni kuliko linavyosikika leo. Kikosi cha Anga cha Wanamaji wa Uingereza kilianzishwa rasmi tarehe 1 Julai 1914, miezi minne tu kabla. Ndege zake nyingi zilikuwa za mbao na kitani, zimeunganishwa kwa gundi na kukazwa kwa waya. Wanamaji walizitaka zitue majini, hivyo badala ya magurudumu ziliwekewa maboya makubwa. Walitaka pia zibebwe melini, na hapo ndipo ndugu watatu wa familia ya Short, Horace, Eustace na Oswald, walipojipatia jina. Mwaka 1913 walibuni mabawa yanayokunjwa kuelekea nyuma kando ya kiwiliwili, hata ndege yenye upana wa zaidi ya mita 15 ikaenea kwenye nafasi finyu ya sitaha. Tarehe 28 Julai 1914, wiki moja kabla Uingereza haijaingia vitani, rubani Arthur Longmore aliruka kutoka Calshot katika ndege ya Short akidondosha topido ya kilo zaidi ya 360. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege ya Kiingereza kufanya hivyo. Ndege hiyo ilinyanyuka kwa taabu, katika hali ya hewa ya kusini mwa Uingereza. Wakubwa wa Admiralty, makao makuu ya wanamaji wa Uingereza, waliona mlango umefunguka.

Vitabu vya Ulaya vinavyosimulia kukua kwa ndege hizi hupenda kuanzia Krismasi ya 1914, pale ndege saba za Short zilipotoka katika meli tatu na kwenda kuyatafuta mabanda ya ndege-puto za Zeppelin karibu na Cuxhaven. Ni safari ya kishujaa, na inastahili sifa zake. Lakini mimi naona mtihani mgumu kuliko wote walioupata mafundi wale ulikuwa huku kwetu, Mafia na Rufiji, kwa sababu ndege iliyosanifiwa kwa ajili ya baridi ya Bahari ya Kaskazini ililetwa chini ya jua la Ikweta, na udhaifu wake wote ukaonekana kwa mara moja.

Wa kwanza kufika hakuwa hata mwanajeshi. Dennis Cutler alikuwa rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na mashua zinazoruka za Kimarekani, aina ya Curtiss, zenye injini ya nguvu za farasi 90. Admiralty ikazikodi, ikampa Cutler cheo, ikampakia yeye na ndege zake katika HMS Kinfauns Castle hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Katika safari ya kwanza alipotea kwenye mvua na mawingu akatua kwenye kisiwa kingine. Rejeta ilipoharibika, hapakuwa na ya akiba karibu, ila Mombasa kulikuwa na gari la Ford. Rejeta ya gari hilo ikaletwa kwa meli na kufungwa kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo Cutler aliruka tena, na kabla Novemba haijaisha aliiona Königsberg kwa macho yake. Desemba injini ilimwangusha ndani ya delta, akatekwa.

Mtu yeyote aliyekwama njiani porini na fundi akaunganisha kifaa cha gari jingine ataiheshimu ile rejeta ya Mombasa. Pia itamwonyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa changa. Dola yenye wanamaji wakubwa kuliko wote duniani ilikuwa inapima mustakabali wa vita vya anga kwa kifaa cha gari dogo.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith pamoja na rubani John Cull. Kwenye karatasi kila moja ingeweza kubeba rubani, mtazamaji, mafuta ya kutosha na mabomu. Pwani yetu ikazikatalia. Joto lilipopanda, maboya yalishikilia maji yakakataa kuachia. Walipunguza bomu, haikuruka. Wakamshusha mtazamaji, wakapunguza mafuta mpaka yakabaki ya muda mfupi tu, na hata hivyo ndege iliruka kwa kusuasua. Gundi ikalainika kwa unyevu, mbao zikapinda, pangaboi zikaanza kuachana matabaka. Ndege iliyoitwa ya mabomu haikuweza kubeba bomu hata moja.

Hapa inafaa tutulie, maana ndiyo kiini cha sura nzima. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake, na hewa yenye joto ni nyepesi. Kutoka nyuzi 10 za Selsiasi hadi nyuzi 30, uzito wa hewa iliyo katika nafasi ileile hupungua kwa takriban asilimia 7. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, pangaboi lina hewa kidogo ya kusukuma, na injini inavuta hewa kidogo ya kuunguzia mafuta. Hasara hizo tatu zinakuja pamoja. Dereva wa lori anayepanda mlima wa Magara kwenda Mbulu akiwa na shehena anaijua hali hiyo: gari lililokuwa jepesi kule Magugu linaanza kulia, na mwendo unakwisha pale unapohitajika zaidi. Ndege ya majini ina mzigo wa ziada, kwa kuwa kabla ya kuruka lazima ijivue kwenye maji. Sopwith ile ilishindwa ikiwa usawa wa bahari. Katika uwanda wa Endagikot, zaidi ya mita 1,500 juu, isingethubutu.

Injini nazo zilikuwa na tabia zake. Gnome ya Kifaransa, iliyotumika sana miaka ile, ilizunguka nzima pamoja na pangaboi, silinda zote zikipigwa na upepo ili zipoe. Ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, kwa sababu hayachanganyiki na petroli, na yaliyotumika yalitupwa nje yakamrukia rubani. Ilikuwa nyepesi kwa nguvu yake na ilipendwa kwa hilo. Lakini ilikula mafuta kwa pupa na kuchakaa upesi, na mafundi waliokuwa chini ya miti ya Nyororo hawakuwa na karakana wala vipuri vya kutosha. Ninapowasoma watu hawa wakifungua silinda mchangani kila jioni ili ndege moja ipate kuruka kesho, nawaona kuwa sehemu ya historia ya uvumbuzi sawasawa na wasanifu wa Short waliokaa Rochester, Uingereza, na penseli zao.

Mwishoni mwa Aprili zikafika ndege tatu za Short zenye mabawa ya kukunjwa. Sasa kituo kilikuwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka Januari. Hizi nazo zilikuwa zimechoka, na joto liliwazuia marubani kupanda zaidi ya futi mia chache, kimo ambacho askari mwenye bunduki ya kawaida aliweza kuwalenga na kuwapata. Risasi zilitoboa injini na usukani. Hata hivyo Cull aliruka juu ya Königsberg na picha zikapigwa. Kwa mara ya kwanza maofisa wa Uingereza walikuwa na taswira ya mahali meli ilipolala, umbali wake, na vijito vilivyoizunguka. Sopwith zilishindwa kubeba bomu, Short hizi zikabeba kamera, na kamera ilifanya kazi kubwa kuliko bomu lolote lililoangushwa Rufiji mwaka ule.

Admiralty ilijifunza. Juni zikaletwa ndege za magurudumu badala ya maboya, Caudron na Henri Farman, na uwanja ukafyekwa Mafia. Baadhi ziliharibika mapema kwa ajali. Pamoja nazo zilikuja meli mbili bapa, HMS Severn na HMS Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili na kukokotwa kutoka Malta hadi hapa. Kina chake kilikuwa kidogo, nazo zilikuwa na mizinga ya inchi 6. Zingeweza kuingia mtoni, ila zisingeiona shabaha yake, kwa kuwa kati yao na Königsberg kulikuwa na kilomita nyingi za mikoko. Ilibidi mtu mwingine awe macho yao.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu. Alfajiri ndege moja iliangusha mabomu karibu na Königsberg ili kuwashughulisha mabaharia, nayo hayakuleta madhara makubwa. Kisha meli bapa zikaanza kupiga, na mtazamaji angani akawa anatuma ishara kwa simu ya upepo: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Makombora zaidi ya 600 yalirushwa siku hiyo na meli haikuzama. Tatizo lilikuwa la kipumbavu na la kufundisha. Meli mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na aliyeko juu hakuweza kujua kombora lipi limetoka kwa nani, hivyo masahihisho yake yakampotosha kila mmoja. Wajerumani, waliokuwa na watazamaji wao kwenye kingo, waliipiga Mersey na kuua.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, walirudi na utaratibu mpya: mmoja apige, mwingine anyamaze. Cull aliendesha Farman, na H. J. Arnold alikaa na mtambo wa simu. Severn ikatia nanga, ikapiga. Arnold akaisogeza shabaha hatua kwa hatua mpaka makombora yakaanza kutua kwenye meli yenyewe. Wakati huo mizinga ya Königsberg iliipata ndege. Injini ikafa. Cull akaanza kuteleza kuelekea mtoni bila nguvu, na katika dakika hizo za kushuka Arnold hakuacha kutuma. Aliwaambia wapigaji kwamba makombora yote yanapiga upande wa mbele, wasogeze katikati. Walisogeza. Ndege ikagonga maji karibu na Mersey, ikapinduka, Cull akabanwa na mikanda yake chini ya maji, na Arnold akarudi kumchomoa. Wote wawili waliokolewa na kutunukiwa nishani ya DSO. Königsberg ilishika moto, na Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe.

Siwezi kuyasoma masimulizi ya dakika zile bila kusisimka. Mtu anaanguka, na kazi yake anaimaliza akianguka.

Je, wasanifu walipata nini kutokana na haya yote? Dai lao la kwanza likawa nguvu ya injini, halafu nguvu zaidi. Kampuni ya Short iliweka injini za Sunbeam zilizopozwa kwa maji: ya nguvu za farasi 150 katika ndege aina ya 827, na ya 225 katika ile kubwa zaidi, aina ya 184. Tarehe 12 Agosti 1915, mwezi mmoja baada ya Königsberg kufa, rubani Edmonds aliipiga meli ya Kituruki kwa topido akiwa katika Short 184, ya kwanza duniani kupigwa hivyo kutoka angani. Zaidi ya ndege 900 za aina hiyo zilitengenezwa. Kisha maboya yakatolewa, magurudumu yakawekwa, na Short wakapata ndege halisi ya mabomu ya masafa marefu kwa wanamaji. Nayo ilikataa kunyanyua mzigo wake kwenye majaribio. Wakaongeza urefu wa mabawa mpaka yakafika takriban mita 25.6, ndege ikabeba lakini ikayumba kichwa juu chini, wakalazimika kurefusha na kiwiliwili. Longmore, yuleyule wa topido ya Calshot, alikuwa miongoni mwa waliodai marekebisho hayo. Mwisho ilipata injini ya Rolls-Royce Eagle. Kufikia hapo nafasi yake ilikuwa inachukuliwa na jitu la injini mbili, Handley Page O/100, lililoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1915 kwa agizo la wanamaji haohao, na ambalo mabawa yake ya mita 30 yaliweza kukunjwa pia.

Nchi yetu ilikuwa bado haijamalizana na ndege za Short. Nne za aina ya 827 zilitolewa na Uingereza kwa Wabelgiji wa Kongo, zikasafirishwa kwa meli hadi Matadi, zikapakiwa kwenye reli na vyombo vya mtoni, tena reli, mpaka Ziwa Tanganyika. Mawimbi ya ziwa yalikuwa makali kwa maboya, kwa hiyo kituo kikawekwa kwenye ghuba ya maji matulivu karibu na Mtoa. Uso wa ziwa lile uko zaidi ya mita 750 juu ya bahari, na joto ni lilelile, ndiyo maana marubani waliheshimu sana saa za ubaridi. Tarehe 10 Juni 1916 Aimé Behaeghe na mtazamaji wake Collignon walivuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma, wakiilenga meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Mabomu hayakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwishoni mwa Julai walipouhama mji, wakiwa wameipaka mitambo mafuta kwa uangalifu. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Behaeghe hakuuona mwisho wa vita. Ugonjwa ulimuua Kongo mwezi Desemba 1916.

Silaha kubwa iliyowahi kufungwa kwenye Götzen ilikuwa mzinga wa milimita 105 uliotoka Königsberg. Hapa sharti niseme jambo ambalo simulizi za ushindi wa Rufiji hulipita haraka. Ndege zilisaidia kuiua meli, lakini mizinga yake yote 10 ilibaki. Mabaharia wa Looff waliiopoa kwenye matope, ikavutwa hadi Dar es Salaam, na karakana za mji huo zikaiwekea magurudumu. Kutoka hapo ilitawanywa nchi nzima. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu wa kuukokota kwa kamba katika njia zisizo njia.

Mmoja ulifika upande wetu. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer lilitoka Arusha, likaiteka Lolkisale, likapita Ufiome, kwenye milima iliyo karibu na Babati ya leo, na kuingia Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili katikati ya masika. Farasi walikufa kwa wingi njiani. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alileta vikosi vyake kuwazingira, na mwezi Mei makombora ya mzinga wa manowari yakawa yanaangukia mji ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, si mbali na vilima vinavyouona Mlima Hanang. Ndege za Waingereza zilitumwa kuutafuta mzinga huo vichakani, na zikaukosa mara nyingi, kwani miti ya Irangi ilificha kama mikoko ilivyoficha.

Marubani waliorodheshwa majina na nishani. Waliobeba mafuta ya ndege vichwani, waliofyeka viwanja, waliovuta mizinga na waliobeba chakula cha hao wote hawakuandikwa hivyo. Kumbukumbu rasmi za Waingereza pekee zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wanaamini idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Petroli iliyotumiwa na ndege za bara ilipita pia mabegani mwa watu wa aina hiyo pale reli ilipoishia. Nasema bila kusita kwamba wamo katika historia ya uvumbuzi huu, na kitabu kinachowaacha kina pengo.

Hatua ya kuliziba ni ndogo na iko mikononi mwako, msomaji wa Mbulu, Hanang, Babati au Kondoa. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na baba au babu yake kuhusu msafara uliopita Ufiome na Mbugwe, kuhusu kukokota mizinga, au kuhusu chombo cha kwanza kuonekana kikiruka juu ya Irangi, kaa naye sasa, andika anachosema kwa lugha aitumiayo, iwe Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi au Kimbugwe, na utie tarehe na mahali. Nyaraka za marubani ziko London. Za wapagazi zimebaki katika vichwa vya wazee hao.